Magurudumu Kutoka Mbaraki

Bi Mahfudha alikuwa amesema kwamba wanaume wa mtaa watambeba mara moja tu, na siku hiyo yeye mwenyewe hatakuwa na habari. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, amelala chali chumbani na nyonga iliyovunjika, pale mkwewe Nasiha alipoleta shauri kwamba vijana wa msikitini wangeweza kumtoa na kitanda chake hadi barabarani. Hakurudia. Alikuwa amewafundisha Kurani watoto wa kichochoro kizima kwenye ukumbi wa nyumba yake, baba na baadaye wana wa baba haohao, na mwalimu wa namna ile hana mazoea ya kurudia.

Basi mwanawe Kamaludin akamwahidi. Alimwahidi upesi, kama wanavyoahidi wanaume wanaowaogopa mama zao hata baada ya kuota mvi. Atatoka chumbani mikononi mwa watu wake tu, mwanawe, mkwewe na mjukuu wake Jannat. Ataingizwa nyuma ya pikapu iliyofunikwa turubai, na halitamwona jicho la mtu mpaka hospitali. Ahadi ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na kasoro moja: pikapu haikuwa na magurudumu ya kwendea.

Ilikuwa imepandishwa juu ya mawe mwisho wa kichochoro, pale njia inapofumba, kando ya karakana ambayo Kamaludin alichonga milango. Chumvi ya bahari ilikuwa imezila rimu mpaka mbili zikapasuka, na vipuri vya gari la umri ule ni vya kutafuta kwa tochi mchana. Lakini hakukuwa na chombo kingine. Ambulensi haingii Mji wa Kale hadi kule ndani. Tuktuk huingia, ila kwenye tuktuk mtu huketi, na daktari alikuwa amekataza kabisa Bi Mahfudha asiketishwe. Marehemu baba yake Kamaludin aliinunua pikapu ile kwa sababu ya wembamba wake. Kila ilipopita mbele ya baraza la Bi Tumu, ilibaki nafasi ya vidole kila upande, na watoto walikuwa wakisimama kutazama kama itakwaruza.

Nafasi ya upasuaji ilikuwa imepatikana kwa kusumbua watu. Daktari wa mifupa alikuja siku moja kwa wiki, na asiyefika asubuhi nafasi yake ilipewa anayefuata. Tena alikuwa amemweleza Kamaludin, pembeni, kwamba mtu wa umri wa mama yake haumwi na mfupa peke yake. Akilala sana kifua hujaa na damu huganda. Wengi, alisema, hawafi kwa kuvunjika. Hufa kwa kulala. Kamaludin alirudi nyumbani na neno hilo na halikumtoka. Kila alipomsikia mama yake akikohoa usiku, aliamka kwenda kusikiliza mlangoni.

* * *

Magurudumu alikuja nayo fundi Samuel, Mgiriama mpole mwenye banda lake Mbaraki, jioni ya kuamkia siku yenyewe. Yalikuwa ya gari la abiria lililokwisha kazi, manne, mapana, na tairi zake bado zina meno. Kamaludin alitoa futi yake ya useremala akapima umbali kati ya tundu na tundu kwenye rimu, kisha akapima bolti za pikapu, akapima tena. Yalilingana. Alihisi kitu kikilegea kifuani ambacho kilikuwa kimekaza tangu mama yake alipoteleza chooni.

Samuel alifanya kazi kwa uangalifu. Alizikataa nati za zamani, akaeleza kwamba zile zilikuwa na uso bapa, na rimu hizi zilitaka nati zenye mdomo wa mshazari ili zikae ndani ya tundu. Nati isiyokaa hulegea njiani, na gurudumu huondoka mbele yako ukiliona. Alikuja na nati zake mwenyewe. Alisema pia kwamba baada ya mwendo mfupi wa kwanza lazima zikazwe upya. Na mwisho, akiwa anajifuta mikono, alisema kwamba magurudumu yatatokeza nje ya madigadi kidogo, lakini hilo si neno, gari litatulia zaidi barabarani.

Walikuwapo watu. Kazi kama ile haifanyiki kichochoroni bila watu. Mzee Zakariya, karani mstaafu wa bandarini, alikuwa ametoka na kiti chake, na muuza kahawa alikuwa ameinamisha birika lake pale zaidi ya mara moja. Wote waliyatazama magurudumu yaliyotokeza wakasema gari limepata kifua. Sabir, dereva wa teksi wa jirani, alisema sasa pikapu inafanana na za vijana wa Nyali. Kamaludin alicheka. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasikii yote anayoambiwa.

Gari halikujaribiwa. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, na ile ya kuazima ilikuwa ndani ya teksi ya Sabir, ambaye alikuwa anakwenda zamu na angeileta baada ya alfajiri. Samuel aliondoka na rimu zote za zamani, mbovu na nzima, maana ndivyo walivyopatana kwenye malipo.

Kamaludin aliingia chumbani kumpa mama yake habari. Bi Mahfudha alimuuliza swali moja tu.

"Yamelingana?"

"Yamelingana, Mama. Nimepima mwenyewe."

* * *

Asubuhi walimtoa. Ilikuwa kazi ya kutisha. Nasiha alishika upande wa kichwa, Kamaludin katikati, Jannat miguuni, godoro likipinda pale lisipotakiwa kupinda, na kizingiti cha ile nyumba ya mawe kilikuwa kirefu. Bi Mahfudha alikuwa ameuma pindo la leso. Hakulia. Alikuwa akisoma kwa ndani, na kila walipokosea hatua kisomo kilikatika kidogo kisha kikaendelea, na Kamaludin alitamani angelia tu, maana kule kukatika kulimuumiza zaidi.

Walimlaza kwenye bodi juu ya magodoro mawili, wakamwekea mito pande zote, wakashusha turubai na kulifunga kila upembe. Jannat alibaki ndani naye, na kipepeo cha ukindu cha kumpepea. Sabir alikuwa ameshafunga betri. Gari likakohoa, likawaka, na Nasiha akapanda mbele pamoja na mumewe. Kichochoro kilikuwa kitupu na kimefagiwa. Mpaka hapo ahadi ilikuwa imetimia, na Kamaludin aliendesha polepole sana.

Mbele ya nyumba ya Bi Tumu ilisikika sauti ya mpira ukijisugua kwenye jiwe. Gari likasita. Kamaludin alirudi nyuma kidogo, akalibana kulia, na sasa ikawa gurudumu la kulia ndilo linalosaga ukuta wa nyumba ya pili. Akajaribu tena kushoto. Ndani ya turubai Jannat alisema, "Baba, taratibu," na ikafuata sauti nyingine, fupi, ya mtu aliyejizuia.

Alizima gari akashuka. Hakuhitaji futi. Lile gari lililokuwa likipita kwa nafasi ya vidole sasa lilikuwa limezidi kila upande kwa upana wa kiganja, na lilikuwa limefungwa magurudumu hayo likiwa ndani ya kichochoro kisicho na mlango mwingine. Yeye aliyepimia watu milango tangu ujana wake alikuwa amepima matundu ya nati, basi. Akamtazama Nasiha, na Nasiha akatazama chini ili asimwongezee aibu.

* * *

Watu hawakuchelewa. Waliotoka msikitini walisimama mbele ya gari, waliotoka nyumbani wakasimama nyuma, na kila mmoja akainama kutazama gurudumu kama kwamba wa kwanza hakulitazama vizuri. Kamaludin alimpigia simu Samuel. Zile rimu za zamani, Samuel akamwambia kwa masikitiko, zilikuwa zimeshakwenda kwa wanunuzi wa vyuma, lakini yeye mwenyewe anakuja sasa hivi kwa bodaboda, na jeki na spana. Wala simu haikuwa imerudi mfukoni ilipolia tena. Ilikuwa hospitali. Mwanamke mwenye sauti ya haraka aliuliza mgonjwa yuko wapi. Kamaludin alisema wako njiani, na hilo, ukilitazama sana, halikuwa uongo.

Mzee Zakariya alikuwa na shauri. Pembe ya baraza likatwe kidogo tu, nyundo na patasi, halafu litajengwa upya. Alikuwa bado anaonyesha kwa mkono mahali pa kukata, mlango ulipofunguka, akatoka Bi Tumu, buibui limetupiwa kichwani. Baraza lake lilikuwa limepakwa chokaa upya kwa ajili ya harusi ya mjukuu, jeupe mno, na sasa lilikuwa na mstari mweusi wa mpira. Bi Tumu aliutazama ule mstari. Miaka ya nyuma pikapu hiyohiyo ililimega baraza hilo, akaipeleka kesi kwa mzee wa mtaa, na tangu hapo baina ya nyumba mbili zilibaki salamu tupu.

"Lijaribuni," alisema.

Hakuna aliyelijaribu. Aliendelea, bila kupandisha sauti, kwamba baraza lile alilijenga baba mkwe wake kwa mikono yake, na kwamba hapa mjini watu wa kuhifadhi majengo huja na kamera kwa jiwe moja, sembuse pembe nzima. Kisha akamgeukia Kamaludin mbele ya wote.

"Wewe si fundi mbao? Hukupima?"

"Nilipima matundu, Bi Tumu."

Kuna mtu alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Kamaludin alisimama pale na mikono yake mikubwa isiyo na kazi, na kama ardhi ingemtaka wakati ule angekwenda. Alijua pia kwamba maneno yote hayo yalikuwa yakisikika ndani ya turubai, umbali wa hatua tatu, na ndiyo yaliyomchoma hasa. Nimepima mwenyewe, Mama.

Sabir alimvuta kando akanong'ona. Msikitini kuna jeneza. Ni refu, limenyooka, lina mikono ya kushikia, na mtu akilala juu yake hapindi hata kidogo. Vijana wako hapa. Dakika chache tu mpaka barabara ya Makadara, na teksi yake akiinamisha viti inaweza kumchukua. Alilisema kwa nia njema kabisa, na aliposikia maneno yake mwenyewe akaangalia pembeni.

Kamaludin alitazama upande wa msikiti. Alikuwa akifikiria. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yake kubwa kuliko zote za asubuhi ile, na hakuna aliyeiona: kwamba alilifikiria jeneza. Akaona daktari akitazama saa, akaona kifua cha mama yake kikijaa, akaona kuwa mama aliye hai mwenye hasira ni bora kuliko mama aliyetimiziwa ahadi. Akasogea kwenye turubai kwenda kumwambia. Akashika kamba ya turubai, akaiachia.

Nasiha alikuwa ameshuka. Hakuwa mwanamke wa kusema mbele ya wanaume wa mtaa. Wengi wao walimjua kwa salamu za mlangoni tu. Alikuwa amemgeuza na kumwosha Bi Mahfudha tangu alipoanguka, na uchovu ulikuwa umemtoa haya.

"Mama amekataa mumbebe yeye," alisema. "Gari hakukataa."

Mzee Zakariya alivua miwani, akaitazama pikapu, akaitazama idadi ya wanaume. Wakati huo Samuel alikuwa amefika, akishuka kwenye bodaboda na jeki mkononi, na walipomweleza alipiga magoti, akachungulia chini, akasema inawezekana. Magurudumu mawili ya kushoto yatolewe. Yakitoka, hakuna kitakachotokeza upande huo, bodi ikiinuliwa itapita juu ya baraza, na ya kulia yatabaki yakisota kando ya ukuta. Upande wa kushoto ushikwe juu, gari lisukumwe mpaka baraza liishe, kisha magurudumu yarudi. Kitu kimoja tu: watakaoshika upande wa kushoto hawana pa kukanyaga isipokuwa juu ya baraza.

Wote wakamtazama Bi Tumu. Kamaludin alifungua mdomo kumwomba, na pengine angepiga magoti, lakini Bi Tumu alikuwa akilitazama turubai. Wanawe wote walikuwa wamejifunza alifu na be kwenye ukumbi wa mwanamke aliyelala humo. Aliingia ndani akafunga mlango. Watu wakatazamana. Mlango ukafunguka tena, akatoka na jamvi la harusi lililokunjwa, akalitandika juu ya chokaa kutoka pembe mpaka pembe.

"Vueni viatu," alisema.

* * *

Makubadhi na kandambili zilipangwa kando ya ukuta kama siku ya maulidi. Kamaludin alileta boriti mbili kutoka karakana, zikapitishwa chini ya bampa ya mbele, kwenye uzito wa injini, ncha zake ndefu zikipanda mbele ya gari. Samuel alipandisha upande wa kushoto kwa jeki, akafungua nati, magurudumu mawili yakatoka yakaegemezwa mlangoni kwa Bi Tumu. Kamaludin alisogeza mdomo kwenye turubai akamweleza mama yake kila kitakachofanywa. Kutoka ndani Jannat alisema, "Amesikia."

Wale wa barazani waliinama wakashika ukingo wa bodi. Wa mbele wakatia mabega chini ya boriti, Mzee Zakariya kati yao, ingawa alikatazwa, maana yeye ndiye aliyezoea kukaa mbele kwenye kila mazishi ya mtaa ule na hakuona kwa nini leo akae nyuma. Kamaludin alikuwa barazani, karibu na kichwa cha mama yake. Turubai peke yake ndilo lililowatenga. Samuel akahesabu, wakainua, akaichomoa jeki.

Uzito ulishuka juu yao wote kwa pamoja. Hatua moja. Ya pili. Gari lilitetemeka, mtu akateleza kidogo kwenye jamvi akajishika, na Kamaludin aliona upande wa mbele ukianza kuzama. Kama ungeanguka, mama yake angeanguka nao. Walihitaji kwenda sawa na hawakuwa sawa, kila mmoja akivuta kwa pumzi yake.

Hapo ndipo Mzee Zakariya alipoanza. Hakukusudia. Alikuwa na mti begani, watu wengine mbele na nyuma yake, mwendo mfupimfupi wa kichochoroni, na mwili wake ulijua jambo moja tu la kufanya ukiwa hivyo. "La ilaha illa Llah," alisema, kwa ile sauti nzito ya chini ya kusindikiza jeneza. Na wengine, ambao mabega yao nayo yalijua hilo tu, wakaitikia kabla hawajafikiri. La ilaha illa Llah. Gari likanyooka. Hatua zikawa moja. Walikwenda hivyo, wakiitikia, mpaka ilipomwingia mmoja baada ya mwingine walichokuwa wakikifanya, na sauti zikaanza kukatika, na mwishowe zikaisha. Walisimama wamelishikilia gari, hawathubutu kutazamana. Kamaludin alihisi kana kwamba yeye ndiye aliyemzika mama yake, pale barazani kwa Bi Tumu, kwa mikono yake, kwa sababu ya futi.

Ndani ya turubai mtu alikohoa, akasafisha koo.

"Bado," alisema Bi Mahfudha. "Na hiyo laa ivuteni. Sikuwafunza kuikata."

Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikiwafikia nyuma ya ukumbi, walipokuwa wadogo na wanadhani hawaonekani. Kijana mmoja alianza kucheka, akaambukiza wa pembeni yake, na Mzee Zakariya, mti begani na machozi yakimshuka ndevuni, akaanza upya. Safari hii waliivuta. Waliivuta kama walivyofundishwa, kila herufi kwa haki yake, na gari likapita mbele ya baraza la Bi Tumu bila kuligusa.

* * *

Samuel alirudisha magurudumu na kuzikaza nati moja moja, akasema atawafuata kwa bodaboda azikaze tena hospitalini. Wanaume walitafuta viatu vyao bila maneno mengi. Bi Tumu alikuwa akilikung'uta jamvi. Kamaludin alikwenda kumshukuru, naye akamwambia akirudi amletee brashi na chokaa, mstari ule hautajifuta wenyewe.

Alirudi kwenye gari, na kabla ya kupanda alisimama kwenye turubai. Alijua kwamba ahadi imevunjika. Wanaume wa mtaa walikuwa wamembeba mama yake, mchana, kwa tahalili ya mazishi, na wote walijua kwamba wamembeba. Alitaka kuomba msamaha na hakujua aanzie wapi.

"Mama," alisema.

"Nakusikia."

"Nilikuahidi."

Sauti ya Bi Mahfudha ilipokuja ilikuwa imechoka, na maumivu yalikuwa ndani yake waziwazi, hakuyaficha tena.

"Wamebeba gari, Kamaludin. Mimi nilikuwa ndani. Kunibeba mimi bado nawadai." Akavuta pumzi. "Haya, twende. Yule daktari yuwangoja."

Kamaludin alipanda, akatia ufunguo, akashindwa kuiona njia. Nasiha alimpa upembe wa leso yake. Alijifuta, akangoja mpaka kuta mbili za kichochoro ziliporudi mahali pake, kisha akaendesha.